Nilivyotumwa Kumwangalia Mzee Shoji Usoni

Tangu nirudi, kila ninapoingia kanisani kuna mtu ananishika mkono. "Atu, hebu tuambie, Japani ulikwenda kufanya nini?" Nimejibu kipande huku na kipande kule, na sasa naona vipande vimeanza kuungwa vibaya. Mama Furaha wa Saint Paul anaamini nilikwenda harusini. Wambui amewaambia watu nilikwenda kumtafuta jini wa mtoni. Basi nimeketi niandike yote kwa mpangilio, msome bila haraka. Habari za tiketi na viza naziacha, hazijawahi kumfurahisha mtu.

Saint Louis Park, sebuleni kwa Bibi Fumiko

Wengi wenu mnajua kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Bibi Fumiko ni mmoja wao, na nimekuwa naye mwaka wa nne sasa. Ana miaka themanini na minne. Alikuja Minnesota akiwa bibi harusi wa askari wa Kimarekani, akamzika mumewe hapa, na moyo wake sasa hauruhusiwi kupanda ndege.

Kila asubuhi, akishamaliza dawa na chai, tulikuwa tunatazama tamthilia ya kwao. Nieleze kidogo, maana hapa ndipo mambo yote yalipoanzia. Wajapani wana desturi ya tamthilia inayoonyeshwa asubuhi, robo saa tu kila siku, kwa miezi mingi. Mara nyingi hadithi huwekwa katika mkoa fulani, na watu wa mkoa huo hukaa macho wazi wakiangalia kama waigizaji wameipatia lafudhi yao, chakula chao, hata namna yao ya kukasirika. Ni kama vile mtu angetengeneza mchezo kuhusu Tukuyu. Mimi ningekaa hapo nikisema, "Hapana, sisi hatufungi khanga hivyo."

Hiyo ya Bibi Fumiko ilikuwa imerekodiwa kijijini kwao hasa, Tarunosawa, kaskazini. Mpwa wake alimtumia kwenye diski. Kwa kuwa mimi Kijapani sikukijua, alikuwa akiisimamisha kila baada ya sentensi mbili ili anieleze, na robo saa yetu ikawa saa nzima. Msichana anarudi kutoka Tokyo kumsaidia bibi yake kuuza tambi. Halmashauri inataka kufukia mto mdogo ijenge hoteli. Bibi anawakumbusha wanakijiji kwamba chini ya jiwe moja mtoni anaishi kappa, kiumbe mwenye kimo cha mtoto, mwenye kisahani cha maji utosini, na kwamba aliyeuza mto wake ameuza kinga yake. Wanakijiji wanagoma kuuza. Wanashinda.

"Jiwe lile ni letu," Bibi Fumiko aliniambia. "Liko nyuma ya nyumba ya baba yangu. Mama alinisimulia habari za kappa nikiwa hivi." Akashusha kiganja hadi usawa wa goti.

Tuliitazama tamthilia yote mara nne. Halafu ikaja barua. Halmashauri ya kweli, siyo ya mchezoni, ilikuwa inataka kununua nyumba ile ya baba yake. Anakaa humo mdogo wake, Mzee Shoji, peke yake. Nyumba iko kwa majina yao wawili, kwa hiyo bila ndiyo ya dada hakuna kinachouzwa. Walitaka jibu kabla ya theluji.

Kila Jumamosi Bibi alimpigia mdogo wake simu. "Nashika imara," Mzee Shoji alijibu, na hakuongeza neno.

"Kwenye simu mtu hana uso," Bibi aliniambia. "Nenda wewe. Ukamwangalie Shoji usoni, kisha uje uniambie kama niendelee kukataa."

Hilo ndilo nililotumwa, ndugu zangu. Si harusi wala jini.

Kutoka Plymouth hadi uwanja wa ndege

Rafiki yangu Wambui, Mkenya, alimaliza shifti ya usiku Plymouth akaja kunichukua moja kwa moja, bado amevaa sare.

"Yaani wewe Atu umepewa leave ya wiki mbili," alisema tukiwa barabara kuu, "na unaenda kuangalia mzee wa wenyewe kwa uso? Si ungeenda tu home, aki?"

"Nimetumwa na mtu mzima, Wambui."

"Na huyo kappa akikushika?"

"Bibi anasema anapenda matango. Nitampa tango."

"Sasa mimi nina-drive mtu anaenda kulisha shetani matango. Pastor asijue!"

Tulicheka mpaka akapita njia ya kutokea, ikabidi tuzunguke. Alipokuwa anashusha begi alibadilika sura. "Lakini ukipata huyo mzee anataka kuuza, utamwambia cucu wako Fumiko?" Nilimjibu kwamba Mzee Shoji hawezi kutaka kuuza, maana anashika imara. "Haya," alisema. "Safiri salama."

Treni ya behewa moja

Ndege ilikuwa ndege: miguu ilivimba, nikala wali mara tatu. Kutoka Tokyo nilipanda treni ya kasi kwenda kaskazini, na hiyo sina la kusimulia kwa sababu nililala. Simulizi lenyewe linaanzia kwenye treni ndogo ya bondeni, behewa moja tu, iliyotembea kama ng'ombe anayerudi zizini. Ilipofika katikati ya msitu ikasimama. Dereva akatutangazia jambo kwa upole mwingi. Abiria wote sita wakainamisha vichwa, nami nikainamisha changu.

Baadaye nilielewa kwamba tulikuwa tumemgonga paa. Tulikaa pale saa mbili. Mama mmoja aliyeketi mkabala nami alifungua kitambaa akatoa donge la wali lililofungwa kwa jani la mwani, akalikata, nusu akanipa. Ndani yake mlikuwa na tunda dogo jekundu lenye uchachu na chumvi ya kumwamsha maiti. Nikashukuru kwa Kijapani nilichofundishwa na Bibi Fumiko.

Behewa zima liligeuka kunitazama. Halafu wakacheka, hata dereva.

Nitawaeleza kwa nini. Bibi aliondoka kwao miaka ya hamsini, na hajawahi kuishi tena kati ya Wajapani. Kijapani chake kimebaki kile cha bondeni, cha wakati ule. Nami nilikuwa nimekichukua chote kama kilivyo. Hebu fikirini Mjapani kijana anapanda basi la Mwanjelwa, anafungua mdomo, na kinachotoka ni Kinyakyusa cha marehemu bibi yako. Mama yule alinishika mkono, akajipangusa macho kwa kile kitambaa, akaanza kunisemesha harakaharaka. Sikuambulia kitu. Nilijibu neno moja ninalolijua vizuri, "Nda," yaani ndiyo kwa lafudhi yao, na kila nililolisema walilipigia makofi. Saa mbili zile zilipita kama robo saa.

Mlangoni

Kituoni nilipokelewa na Kaori, mwenye nyumba ya wageni. Aliwahi kufanya kazi Australia, kwa hiyo Kiingereza tulielewana. Alinionyesha njia ya kwa Mzee Shoji, akasema anapika, atanifuata baadaye.

Nyumba ni ya mbao, paa zito, mlango wa kusukuma kando. Nilisimama nje nikaita kwa sauti, nikangoja nikaribishwe. Kimya. Nikaita tena. Mvua ikaanza. Ndani nilikuwa nasikia mtu akikohoa, kwa hiyo nilijua yumo, na aliyefundishwa adabu havuki kizingiti asipoambiwa karibu. Nikaendelea kuita. Mvua ikaendelea.

Kaori alinikuta nimelowa chepechepe. "Mbona huingii?"

"Hajanikaribisha!"

"Lakini anakungoja ndani tangu ulipoita mara ya kwanza. Anashangaa huyu mgeni ameona kosa gani."

Kumbe kule kijijini mgeni husukuma mlango mwenyewe, akaingia hadi kwenye sakafu ya chini palipo na viatu, na kutoka hapo ndipo anaita. Kuita ukiwa nje ni kama kukataa kuingia. Mzee Shoji alikuwa amepiga magoti juu ya ubao wa ndani, mwembamba, nywele nyeupe, taulo mkononi tayari kunipa. Nilimwangalia usoni, kama nilivyotumwa. Niliuona uso wa mtu aliyepiga magoti dakika ishirini.

Siku mbili za mgeni

Jioni ile alinipikia supu ya magimbi. Ndiyo, magimbi! Madogo kuliko ya Rungwe, yamechemshwa na nyama na vitunguu vya majani kwenye sufuria ya chuma. Nilipolitia la kwanza mdomoni nilifumba macho. Mzee akamuuliza Kaori kama chakula ni kibaya. Nikamweleza kwamba nimekula hili kwa mama yangu, kwamba kwetu nako kuna milima na mvua na magimbi. Aliniongezea bakuli bila kuniuliza.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana lilikuwa la watu wawili. Kwetu aliyetumwa haanzi kusema. Anapokelewa, analishwa, kisha mwenyeji anamuuliza, "Haya, habari za mlikotoka?" Hapo ndipo mjumbe anafungua mzigo wa maneno. Kukurupuka na ujumbe kabla ya kuulizwa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Basi nikangoja kuulizwa.

Siku ya kwanza hakuuliza. Alinionyesha picha za baba yao na kuni alizopasua. Siku ya pili hakuuliza. Tulitembea kijijini, na kwenye daraja nikaona bango kubwa la kappa wa katuni, kijani, anatabasamu, ameshika tango. Nilikuwa nimemwazia ni kitu cha kutisha. Huyu alifanana na wale wa kuuza sabuni. Kila alipotembea, Mzee alikuwa akilishika paja la kushoto kwa mkono ili kulisaidia. Uso wake ulikuwa wa upole na umefungwa. Nikajiambia hana shida, angekuwa nayo angeniuliza. Usiku nililala kwa Kaori nikiwa na wasiwasi kwamba nitarudi kwa Bibi mikono mitupu.

Siku ya tatu, jembe

Waswahili tumeshasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya tatu nilimwomba Mzee kazi. Tukaenda shambani nyuma ya nyumba kung'oa figili, zile nyeupe ndefu kama mkono. Mimi nang'oa, yeye ameketi kwenye kreti anakata majani. Kaori alikuja na chai. Uvumilivu ukaniishia.

"Kaori, mbona huyu baba haniulizi nimekuja kwa nini?"

Kaori alinitazama, kisha akamtazama yeye, kisha akaweka birika chini. "Kila usiku ananipigia simu," alisema. "Ananiuliza, 'Dada yangu amemtuma mtu kutoka Amerika, mbona mtu huyu hasemi?' Hapa kumuuliza mgeni alilolijia ni kama kumwambia aondoke."

Akamtafsiria Mzee. Mzee Shoji alishika figili yake akacheka bila sauti, mabega yakitetemeka. Kisha akasema maneno machache, na Kaori hakucheka.

"Anasema: haya, nakuuliza. Dada yangu anataka nini?"

Nikamwambia. Anataka kujua uso wako ukoje, ili ajue kama aendelee kukataa.

Mzee aliweka figili chini. Akavua kofia. Kisha akainua kidole akaonyesha paa la nyumba.

Majira ya baridi yaliyopita alipanda kule juu kukomba theluji, kama anavyofanya kila mwaka, maana ikiachwa inalivunja paa. Akateleza. Alilala kwenye theluji, paja limevunjika, tangu asubuhi mpaka mtu wa posta alipopita mchana. Binti yake anakaa mjini, mwendo wa saa moja. Ametafuta nyumba ya ghorofa karibu naye. Mzee ameiona, na anaitaka.

"Basi mbona kwenye simu unasema unashika imara?" niliuliza.

Jibu lake Kaori alilitafsiri polepole. "Kila Jumamosi dada ananisimulia ile tamthilia. Ananiambia mimi ni kama yule bibi wa tambi. Ana furaha sana. Ningemwambiaje?"

Jiwe

Alitupeleka mtoni. Jiwe ni pana, bapa, nusu limezama, limelainika kama sabuni iliyotumika. Niliuliza kama ni hapa mama yao aliposimulia habari za kappa.

"Mama hakusimulia," alisema Mzee Shoji. "Mama hakuwa na muda. Hapa wanawake walikuwa wakiosha figili na kuwasema waume zao. Kappa ni wa bonde la pili. Waliotengeneza tamthilia walimpenda, wakamhamishia kwetu kwa sababu jiwe letu lilipendeza kwenye kamera."

Nikamuuliza Kaori, basi hii ardhi halmashauri inaitaka ya nini, hoteli?

"Maegesho ya mabasi." Alilisema akitazama maji. "Watu waliipenda tamthilia ya kijiji kilichokataa kuuzwa, wakaja kutuona. Mwanzoni magari madogo, sasa mabasi. Mabasi yanataka pa kusimama. Jiwe litapelekwa langoni, liwekewe kibao chenye hadithi ya kappa. Mimi wageni nawahitaji, sitadanganya. Lakini kila nikipita pale darajani naona aibu, kana kwamba mtu amenivalisha nguo ya maigizo ya kijiji changu."

Nimeyafikiria maneno hayo sana, na nawaomba nanyi myafikirie bila kumhukumu mtu. Hadithi haina uraia. Inavuka mlima, inakaa panapopendeza, na baada ya kizazi kimoja imekuwa ya hapo. Bibi zetu walifanya hivyohivyo na hadithi za makabila jirani. Lakini nilimtazama mzee yule, paja limevunjika, amepewa kazi ya kuwa shujaa wa kijiji ambacho hakijawahi kuwapo, na mwenye kumpa kazi hiyo ni dada anayempenda.

"Kuna kimoja tu ninachotaka," alisema. "Nyumba waichukue. Jiwe libaki majini. Lina kazi yake."

Siku ya kuondoka alinifungia figili mbili kwenye gazeti. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba forodha hawataniruhusu, kwa hiyo nilizila kituoni na Kaori, mbichi, kwa chumvi, tukilia kwa ukali wake.

Kurudi

Angani nilifanya mazoezi ya kusema. Nilipanga kuanza na supu ya magimbi, nije kwenye lafudhi, kisha kidogokidogo nifike kwenye paa. Wambui alinipokea, na nilipomsimulia hakuniambia "si nilikuambia." Alisema tu, "Pole. Enda umwambie leo, usilale nayo."

Bibi Fumiko alikuwa ameketi dirishani, nywele amezichana. Sikupata nafasi ya magimbi.

"Uso wake ukoje?"

"Umechoka, Bibi."

Nikasema yote. Paa, theluji, mtu wa posta, ghorofa ya karibu na binti. Nikasema na la kwake pia, kwamba Shoji anaogopa kumnyang'anya dada yake furaha ya Jumamosi. Lile la mama yao nilikuwa nimepanga kuliacha, lakini aliniuliza kuhusu jiwe, na sijazoea kumdanganya.

"Shoji alikuwa mchanga," alisema kwa ukali. "Angejua nini alichoniambia mama?"

Huenda ni kweli. Yeye ni mkubwa kwa miaka sita, na mimi sikuwapo.

Kisha akanyoosha mkono nimpe simu. Kule kulikuwa asubuhi. Mzee Shoji alipopokea, Bibi alianza kumfokea kwa ile lafudhi ya bondeni, na hata mimi nililishika neno "paa" mara tatu, na neno "mjinga" mara nyingi kuliko hapo. Kisha akaacha kufoka. Aliifuta midomo kwa kiganja. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo, ameinama juu ya simu kama anayemsemesha mtoto mwenye homa, na aliuliza swali moja fupi. Akasikiliza. Akauliza lingine.

Hakusema ndiyo. Nilikuwa nimekaa pale nikilingoja neno hilo, "Nda," nalijua vizuri, na halikutoka.

Alikata simu akaketi, ameipakata mapajani.

"Nimemwambia jiwe lisitoke majini," alisema. "Alisimamie hilo mpaka mwisho, tena kwa ukali."

"Na nyumba, Bibi?"

Aligeuka akatazama nje, kwenye maegesho ya jengo lake, ambako jirani alikuwa anakwangua barafu ya kwanza kwenye kioo cha gari.

"Ni ghorofa ya tatu," alisema. "Nimemuuliza. Ina lifti, na dirisha la jikoni linaona mlima." Halafu akaniambia niilete ile barua, na kalamu inayoandika vizuri.